Nimeifuta ile video ya mwezi, na nyinyi futeni zenu

Wale mmenifuata tangu mwanzo mnaikumbuka. Sekunde 58, muziki wa kutisha, mimi nikiuliza mbona bendera ya Wamarekani inapepea kwa mwezi na huko hakuna upepo. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo. Ilinilipia bando miezi kadhaa. Na ni uongo mtupu.

Hata nikiirekodi sikuiamini. Nilijua tu stori kama hiyo hutembea. Halafu juzi binamu yangu, yuko kidato cha pili, akaniambia alibishana na mwalimu wa fizikia mbele ya darasa lote akitumia maneno yangu, neno kwa neno. Tena akaongeza, akicheka, kwamba fizikia anaiacha mwaka ujao kwa sababu "ni stori za wazungu tu." Nilikosa la kumwambia.

Sasa nianze na bendera. Ilitiwa fimbo ya kulala upande wa juu, maana walijua bila upepo itaning'inia kama kitambaa cha jikoni. Ile ya Apollo 11 fimbo haikuvutika yote, ndiyo maana ina mikunjo. Na nyota haziko wapi? Hebu simama usiku chini ya mulika mwizi ya mtaani, mwambie rafiki akupige picha, kisha utafute nyota. Kamera iliyopimwa kwa mtu anayeng'aa kwa jua haishiki nyota. Mambo mepesi hivyo, na mimi nilikuwa nayajua.

Lakini hoja iliyonimaliza ni ya Wasovieti. Hao ndio walitangulia karibu kila kitu: Oktoba 1959 chombo chao Luna 3 kilishapiga picha za upande wa mwezi tusiouona. Julai 1969, Armstrong na Aldrin wakiwa bado juu ya mwezi, Luna 15 ya Wasovieti ilianguka huko huko ikijaribu kutua. Hawa walikuwa maadui wenye vyombo vyao vya kufuatilia. Kama ingekuwa sinema ya studio, kwani wangenyamaza? Wangepiga kelele hadi leo.

Halafu mawe. Safari sita, kutoka 1969 hadi 1972, zilileta kilo 382 za mawe na vumbi. Mawe hayo yana vishimo vidogo sana vya vumbi la angani lililoyagonga kwa kasi, kitu ambacho hapa kwetu hewa inazuia. Oksijeni iliyo ndani yake inafanana mno na ya Dunia, na hiyo ni sababu kubwa ya wanasayansi kuamini kwamba mwezi ulitokana na kitu cha ukubwa wa Mirihi kuigonga Dunia changa, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Ukisema mawe ni feki, basi tuambie wewe mwezi ulitoka wapi. Nangoja.

"Mbona hawakutua tena tangu Desemba 1972?" Pesa, bana. Mbio zilikuwa za kumshinda Msovieti, alishindwa, Bunge la Marekani likafunga mfuko.

Na hii ya "wazungu" ndiyo inaniuma zaidi. Agosti 2023 India ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Mwaka 2024 China ilileta udongo kutoka upande wa mbali, huo ambao watu huuita upande wa giza na hupata jua sawa na huu wetu. Na hapa Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Ni watoto wangapi pale Pwani wamesikia hiyo? Sisi wenye simu tuliwapa bendera inayopepea.

Kwa hivyo nyinyi wenzangu mnaojua ni uongo na bado mnaipandisha kila Julai, msiniletee ile ya "mimi nauliza maswali tu." Anayeuliza husubiri jibu. Sisi tulikuwa tunasubiri watazamaji.

Nimeifuta jana saa tatu usiku. Binamu nimemtumia hii kabla yenu. Amejibu kwa swali: hiyo fimbo ya bendera ilikuwa ya chuma gani? Bado natafuta.