Ukimpiga risasi mvamizi: kwa nini unaweza kulala mahabusu hata kama ulijilinda

Mama mmoja alitupigia simu kwenye kipindi cha asubuhi, akauliza: "Mume wangu alikuwa anatulinda mimi na watoto. Mbona yuko ndani?" Usiku watu walivunja mlango wakiwa na mapanga. Mumewe akafyatua gobore, mvamizi mmoja akafariki. Kulipokucha polisi wakaondoka na mwenye nyumba.

Muda wa kipindi haukutosha kumjibu vizuri, kwa hiyo leo naandika.

Ndugu msikilizaji, sheria ya Tanzania inakuruhusu kujilinda. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata (18A hadi 18C) vinasema mtu hana kosa la jinai kwa kitendo alichofanya akijilinda, akimlinda mwenzake au mali. Haki hiyo inaweza kufika hadi kuua, kwa mfano pale unapoogopa kwa sababu za msingi kwamba utauawa, utajeruhiwa vibaya au utabakwa.

Lakini nguvu unayotumia lazima iwe ya kiasi kinachohitajika kuzuia hatari, basi. Ukizidisha na mtu akafa, sheria hiyo hiyo inasema umeua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mtu aliyeinua panga mlangoni kwako ni jambo moja. Mwizi anayekimbia na mbuzi wako, amekupa kisogo, ni jambo jingine kabisa. Hapa ndipo wengi wetu vijijini tunapokosea, maana tumezoea kusema "mwizi ni mwizi". Hakimu na jaji hawasemi hivyo.

Sasa, kwa nini yuko mahabusu? Kwa sababu polisi wanapofika wanakuta maiti na bunduki. Aliyejilinda na aliyeua kwa makusudi, kwa asubuhi ile wanafanana. Shtaka likiandikwa la mauaji, Tanzania halina dhamana. Mahakama ya chini haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, inaitaja tu, inaiahirisha, inaitaja tena, na maneno yanayosikika ni yale yale: upelelezi haujakamilika. Hoja ya kujilinda inasikilizwa kwa ukamilifu Mahakama Kuu, na kufika huko kunaweza kuchukua miaka. Nadhani hili ndilo linaloumiza kuliko sheria yenyewe: haki unayo, ila unaingoja ukiwa ndani. Wenzetu wa Kenya, tangu Katiba ya 2010, mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima.

Kinachosaidia ni yale yanayofanyika saa za mwanzo. Usikimbie, usifiche silaha, usihamishe maiti wala panga lililoachwa mlangoni. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Mlango uliovunjwa usiutengeneze kabla haujaonekana na kupigwa picha. Ukikamatwa una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Maelezo utakayotoa kituoni yanaweza kusomwa mahakamani, kwa hiyo usiweke sahihi kitu ambacho hukusomewa ukakielewa. Silaha isiyo na leseni ni kosa jingine peke yake, hata kama ulijilinda kihalali. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria. Ipo sheria yake ya mwaka 2017. Na Mkurugenzi wa Mashtaka akiona hakuna kesi, anaweza kuifuta.

Mahakamani si wewe unayepaswa kuthibitisha kwamba huna hatia. Mzigo huo ni wa Jamhuri.

Yule mama alisema jambo jingine ambalo halimo kwenye kifungu chochote. Kila akienda kumtembelea, mumewe hamuulizi habari za kesi. Anauliza kama damu imetoka kwenye sakafu. Halali usiku, na geti likibamizwa anashtuka mwili mzima.

Watu wengi waliopitia tukio kama hilo hupatwa na hali hiyo: tukio kujirudia kichwani, ndoto mbaya, hasira za ghafla, kujitenga, pombe. Haina maana kwamba alikosea, wala kwamba amerukwa na akili. Ukitaja Mirembe huku kwetu watu wanacheka, lakini msaada huanzia karibu zaidi. Mwambie mganga wa zahanati au kituo cha afya, naye atakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Ukiwa gerezani, omba kuonana na wahudumu wa afya. Watoto waliokuwa ndani usiku ule nao waangaliwe, hasa wanaoanza kukojoa kitandani au kukataa shule.

Kabla hajakata simu nilimuuliza mama kama anaifahamu familia ya marehemu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wanachota maji kisima kimoja, na siku hizi yeye huenda alfajiri kabla wao hawajafika.