TUSILIPIE LAMI ILIYOPOA

Kila mama wa Matongo ajua kwamba ugali hauwekwi katika sinia wazi ukapelekwa msibani mwendo wa saa mbili. Hutiwa katika hotipoti, ukafunikwa, ukafika ungali unatoa moshi. Ukipoa hukauka juu, haushikani mkononi, na mgeni huula kwa heshima tu. Jambo hili mama zetu hawakulisomea. Wakubwa wa barabara wamelisomea, limeandikwa katika vitabu vyao, na bado hawalitendi. Hubeba lami ya moto katika tipa lililo wazi, juu wametupa turubai lenye matundu, wakalizungusha kutwa toka shimo hata shimo, na jioni wakaishindilia lami imekuwa baridi kama mawe ya mlimani. Kisha hesabu huletwa kwetu wananchi.

Hatuandiki haya kwa kusikia. Tulisimama siku nzima katika barabara kuu iendayo Sirari, kati ya Tarime na daraja la Kirumi, tukawatazama vijana wa viraka. Mashimo ya asubuhi yalizibwa vizuri, hatuna neno. Lakini baada ya chakula cha mchana lami ilikuwa imeshikana madonge ndani ya tipa, na vijana wakawa wanaivunja kwa sururu. Msimamizi akaagiza dizeli imwagwe juu yake ipate kulainika. Dizeli, ndugu zangu! Dizeli huyeyusha lami ikapoteza kunata, na kiraka cha namna hiyo ni kama nyumba iliyokandikwa kwa udongo wa mchanga mtupu. Palikuwa na pipa pia, limetelekwa juu ya kuni, lami ikichemka ovyo bila kipimajoto, na kijana mmoja amefunga shati puani kwa ajili ya moshi. Mvua zilipokuja, mashimo ya mchana yalirudi yote. Yale ya asubuhi yapo mpaka leo, yamezibika.

Vijana wale hatuwalaumu hata kidogo. Walifanya kazi ya wanaume kwa vyombo vya mtu asiyejali.

Na tueleze kidogo, maana wako watakaosema kwamba wanasiasa wanaingilia mambo ya mainjinia. Lami iliyochanganywa na kokoto hutoka mtamboni ikiwa na joto la nyuzi 150 hadi 170 hivi. Inapokaribia nyuzi 80 haishindiliki tena, hata ukiipitisha mashine mara mia. Huacha vitundu ndani, maji huingia katika vitundu, magurudumu huyasukuma maji, na kiraka hupasuka. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Lami nayo iwahi ingali moto.

Sasa tazama ajabu yake. Anayejenga barabara mpya humwaga tipa zima mahali pamoja kwa dakika chache. Lami nyingi hujitunzia joto lake yenyewe, kama moto wa kuni nyingi. Lakini mziba mashimo ahitaji tani mbili au tatu tu, nazo azigawe kidogo kidogo kutwa nzima. Lami kidogo hupoa upesi. Basi mziba mashimo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya chombo cha kutunza joto, na ndiye anayepewa turubai.

Chombo chenyewe si muujiza. Ni sanduku la chuma lenye kuta mbili, na katikati ya kuta pamejazwa sufi ya kuzuia joto lisitoke. Chini au ubavuni lina jiko la gesi au dizeli, ambalo moto wake hauigusi lami. Hupasha hewa au mafuta yanayoizunguka. Kidhibiti joto huwasha na kuzima jiko chenyewe, lami isiungue wala isipoe. Hupakiwa kwa juu na kutolewa chini kwa mlango mdogo, kwa hiyo linalobaki ndani halipigwi na upepo. Hukokotwa kama trela. Mengine huweza kuilaza lami usiku kucha ikaamka ingali moto. Nchi nyingine zina masanduku haya tangu zamani, na mziba mashimo wa huko akiletewa pipa la kuni atadhani anataniwa.

Tunajua tutakayojibiwa. Kwanza watasema kuna lami baridi ya mifukoni. Ipo, nayo yafaa kwa shimo la dharura wakati wa mvua. Lakini kuifanya ndiyo dawa ya kila siku katika barabara ya malori ni kumpa mgonjwa wa malaria kitambaa cha maji usoni na kumwambia aende zake. Pili watasema sanduku ni ghali. Ghali kuliko nini? Kuliko kuziba shimo lile lile kila masika na kila vuli? Lami tunainunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, kiliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila kiraka kilichokufa ni dola zilizomwagwa shimoni, na mwenye kuzitoa ni mwendesha bodaboda wa Nyamongo, aliyeongezewa na Bunge mwaka 2021 shilingi 100 juu ya kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za wilaya.

Kweli, sanduku halichimbi mifereji. Maji yakilala barabarani hata lami ya moto itakufa. Lakini hatukubali kosa moja litumiwe kama kivuli cha kosa jingine.

Kwa nini tunalisema Matongo? Kwa sababu Matongo yaishi kando ya mgodi wa North Mara, na wananchi wake wamekula vumbi la malori makubwa miaka mingi. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, kilomita 87 hivi, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Tumeidai, na tunaishangilia. Mama anayepelekwa kujifungua ataijua faida yake kabla ya waziri. Lakini lami ikija bila chombo cha kuitunza, baada ya miaka michache mama yule atarushwa tena mashimoni, na safari hii mashimo ya lami, yenye kingo kali kuliko ya udongo.

Hapo mgodini dhahabu huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 1,000 na kumiminwa ingali maji. Hakuna awezaye kuimimina iliyopoa, wala anayethubutu kusema tanuri ni ghali. Mali inayoondoka Matongo hutunziwa moto wake. Lami inayobaki na wananchi hufunikwa turubai.

Na fedha zipo. Kwa mapatano ya Januari 2020 Serikali ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, yautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Watu hapa huziita fedha za CSR. Zimejenga madarasa na zahanati, nasi hatuzibezi. Katika mpango ujao na liandikwe sanduku moja, la tani mbili au tatu, mali ya umma, litumiwe na TARURA katika barabara za wilaya na kuazimwa TANROADS katika barabara kuu, maana shimo halijui ni la nani. Mafundi wetu wa kuchomelea walitazame, walifungue, na la pili walitengeneze wenyewe.

Tena katika kila mkataba wa viraka liwekwe sharti la kipimajoto: lami isomwe mbele ya mjumbe wa kijiji kabla haijatiwa shimoni, na iliyopoa irudi ilikotoka bila malipo.

Diwani wetu ana kiti katika baraza. Twamwomba aliulize jambo hili katika kikao kijacho, kwa sauti, likaandikwe katika kumbukumbu. Jibu atakalopewa tutalichapa katika ukurasa huu, lolote liwalo.