Wanaochungulia simu zetu bila kubisha hodi

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika vijiji vyetu vya Kusini, kuanzia Nkowe wilayani Ruangwa hadi Nachingwea, mtoto hufundishwa kubisha hodi kabla hajafundishwa kusoma. Hii si mila tupu. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah (S.W.) anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa rejeeni, warejee.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na kichanio cha chuma akijikuna kichwa. Alimwonya kuwa lau angelijua anachungulia, angelimchoma nacho jichoni, kisha akabainisha kuwa hodi imewekwa kwa sababu ya macho. Tuzingatie: mtu yule hakuvuka kizingiti wala hakuiba kitu. Kosa lake lilikuwa jicho lake.

Tundu la zama zetu

Leo tundu hilo limo katika simu ya mkononi. Unapofungua tovuti, kivinjari cha simu yako hupokea maandishi na picha, na pamoja navyo programu ndogondogo ziitwazo skripti. Lugha yake mashuhuri, JavaScript, ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape. Manufaa yake hayakanushiki, kwani ndiyo inayoiwezesha fomu kukuonya umekosea namba, na ramani kusogea chini ya kidole.

Hata hivyo skripti haifanyi kazi kwa mwenye tovuti; hufanya kazi ndani ya simu ya msomaji. Aghalabu si mali ya mwenye tovuti pia, bali ya kampuni ya tatu, hasa ya matangazo. Ni mfano wa mgeni uliyemkaribisha sebuleni, akaingia na watu asiowatambulisha, nao wakaanza kufunua mapazia ya vyumba.

Tutoe ushahidi. Vivinjari hubadilisha rangi ya kiungo ambacho msomaji amekwisha kukifungua. Kwa miaka mingi skripti iliweza kuuliza rangi hiyo, na kwa njia hiyo ikajua umetembelea kurasa zipi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walikagua tovuti 50,000 mashuhuri na kukuta 46 zikichungulia historia za wasomaji kwa hila hiyo. Desemba 2012 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza mapatano na kampuni ya matangazo ya Epic Marketplace, iliyotuhumiwa kuchungulia kama watu walikuwa wamesoma kuhusu matatizo ya uzazi, kushindwa kuzuia mkojo au kuelemewa na madeni. Tazameni walichokitafuta: maradhi na madeni, mambo ambayo Muislamu huyasitiri hata kwa jirani.

Tundu hilo liliwekewa kizuizi katika vivinjari, lakini mengine yakafunuliwa. Tarehe 3 Juni 2025 watafiti wa Ulaya, wakiwamo wa taasisi ya IMDEA Networks ya Hispania na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walieleza kuwa skripti ya Meta Pixel, iliyopachikwa katika mamilioni ya tovuti, ilikuwa ikizungumza kwa siri na programu za Facebook na Instagram zilizomo katika simu hiyo hiyo ya Android. Kwa hiyo mtu aliyesoma tovuti bila kutaja jina lake aliweza kuunganishwa na akaunti yake yenye jina. Kufuta kumbukumbu za kivinjari hakukuzuia, wala kutumia hali fiche. Kampuni ya Yandex ya Urusi ilikutwa na mtindo wa namna hiyo tangu mwaka 2017. Meta ilisimamisha mtindo huo siku ile ile, ikisema inazungumza na Google kuhusu uwezekano wa kutoelewana juu ya masharti.

Kwa nini itushughulishe sisi?

Huenda mtu akasema: mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, nina siri gani ya kuitamanisha kampuni ya Marekani? Jibu ni kwamba katika kaya zetu nyingi simu moja ya kisasa hutumiwa na nyumba nzima. Mama akitafuta habari za maradhi yake kwa simu ya mwanawe, taarifa huweza kuandikwa katika akaunti ya kijana. Baba akiulizia mkopo, tangazo la mikopo ya riba huweza kumfuata binti yake. Siri ya mmoja huwa kisingizio cha kuwashawishi wote, na mwenye dhiki ndiye windo jepesi.

Hata ibada haikusalimika. Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard liliripoti kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla, zilifika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya malalamiko, Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo.

Wengine hutoa hoja kwamba mtumiaji amebonyeza "Nakubali". Katika sheria yetu, ridhaa ya muamala haisimami juu ya ujinga na udanganyifu. Anayekubali kurasa nyingi za lugha asiyoifahamu, ili apate kujua bei ya ufuta mnadani, hajaridhia kuchunguzwa maradhi yake.

Wajibu wetu

Kwanza, tuijue haki yetu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za imani ya dini kuwa nyeti. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, na mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko.

Pili, taasisi zetu zijikague. Madrasa, shule au wakala wa Hija mwenye tovuti amuulize fundi wake: ni skripti za nani zimo humu, na zinapeleka nini, wapi? Isiyo na haja iondolewe. Anayekusanya namba za pasipoti za mahujaji amebeba amana.

Tatu, nyumbani tusasishe kivinjari na mfumo wa simu, kwani matundu huzibwa kwa njia hiyo. Tuondoe programu tusizozitumia, na programu ya swala tuiruhusu kujua tulipo pale tu tunapoitumia. Tusiidhani hali fiche kuwa ni sitara kamili. Kazi yake hasa ni kuficha historia kwa anayeishika simu baada yako.

Nne, tusiyalaani makampuni huku sisi wenyewe tukitenda yayo hayo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) amekataza kupelelezana, na katazo hilo halikumbagua mume anayefungua simu ya mkewe usiku, wala mke afanyaye hivyo kwa mumewe. Mzazi ana ulezi juu ya mtoto mdogo, na ulezi huo ni haki. Lakini na aufanye kwa uwazi, mtoto akijua, ili ajifunze kuwa anaangaliwa kwa huruma. Mtoto anayepelelezwa kwa siri na wazazi wake atawezaje kushangaa akipelelezwa na wageni?

Tunamuomba Allah (S.W.) azisitiri aibu zetu, azilinde familia zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaobisha hodi na kurejea wanapoambiwa rejeeni. Amin. Wallahu a'lam.