Kabla ya kuchagua chambo, lisome ziwa

Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Wahenga wa pwani walinena hivyo wakijua kwamba mvuvi hazaliwi na ujuzi huo. Huupata kwa kwenda mwambani kila maji yanapokupwa, akaangalia, akawauliza wazee, akakumbuka. Mtoe mwambani umpeleke kwenye ziwa asilolijua, naye anakuwa mwanafunzi tena.

Chukulia Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa. Ndani yake anaishi besi, samaki wa rangi ya kijani mwenye mdomo mpana. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na aliletwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1920 ili watu wamvue kwa mchezo. Wanaomfuata kwa ufito na mshipi hutumia chambo bandia: vipande vya plastiki, mbao au bati vilivyoundwa vikafanana na mnyoo, samaki mdogo au kamba. Sanduku la mvuvi mmoja huweza kujaa vyambo vya kila rangi na umbo. Mgeni mwenye pupa hulifungua akiwa bado gatini, huchagua kile kilichompa samaki katika bwawa la kwao, na hukirusha asubuhi nzima. Saa sita ikimkuta mikono mitupu, hutoa hukumu: ziwa hili halina samaki.

Mvuvi mwenye busara huanza kwa macho. Hutazama maji. Yakiwa maangavu, besi huona vizuri, kwa hiyo chambo kinachofaa ni kidogo na chenye rangi za viumbe wa ziwa lenyewe. Yakiwa na tope, kama inavyokuwa upande wa kaskazini mto Malewa unapoleta maji ya mvua, macho hayamsaidii samaki sana. Hapo hutegemea mtikisiko wa maji anaouhisi ubavuni mwake. Basi mvuvi huchukua chambo chenye kibati kinachozunguka, au chenye rangi nyeusi inayoonyesha umbo lake.

Kisha hujiuliza besi amejificha wapi, kwa maana huyu ni samaki wa kuvizia. Hukaa kando ya mafunjo, chini ya magugu maji, penye miti iliyozama, akisubiri kitoweo kipite. Alfajiri na jioni husogea penye kina kifupi. Jua likiwaka hurudi kivulini au kilindini. Upepo nao husukuma chakula hadi ukingo unaoupokea, samaki wadogo wakakifuata, naye besi akawafuata wao. Na je, hapa anakula nini? Naivasha kuna kamba wenye magando, asili yao Louisiana nchini Marekani, walioletwa mwaka 1970. Ajuaye hilo huchagua chambo chenye rangi ya hudhurungi au nyekundu, akakikokota taratibu chini kabisa, kwa sababu kamba hutambaa.

Mwanzoni hutumia chambo cha kwenda mbio ili akague eneo kubwa kwa muda mfupi. Akipata dalili, hupunguza mwendo. Akibadilisha, hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, rangi au kina au mwendo, ili ajue ni lipi lililoleta tofauti. Akimpata mmoja hatosheki na furaha. Huuliza alikuwa kina gani, kando ya nini, saa ngapi. Na kabla ya hayo yote amekwisha kuzungumza na wenyeji, kwa sababu wao ndio wajuao hata mahali viboko wanapozamia.

Ndugu msomaji, nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu makanisa yetu mara nyingi hufanya kama yule mgeni wa gatini. Mchungaji, padri au mwinjilisti huhamishwa. Anafika na sanduku lake: mpangilio wa ibada, ratiba ya ushirika, mahubiri yaliyopendwa kule alikotoka. Wiki ya kwanza anatangaza mabadiliko. Mwaka unapita, viti vinabaki wazi, na hukumu inatolewa: watu wa hapa ni wagumu. Nani aliyeuliza maji yakoje?

Tubaki Naivasha. Kando ya ziwa hilo kuna mashamba makubwa ya maua, na watu waliotoka pembe nyingi za nchi hii kuja kuyafanyia kazi. Januari na mwanzoni mwa Februari, waridi za Valentine zinapotakiwa Ulaya, kazi huwa nyingi na saa huwa ndefu. Mtumishi wa Mungu anayeweka ushirika Jumatano saa kumi na moja jioni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwao, anawaita watu ambao bado wamo kazini au ndiyo kwanza wapande basi la kurudi nyumbani. Asipowaona, atahubiri juu ya uvivu wa kiroho. Lakini mama aliyesimama mchana kutwa akipanga maua si mvivu. Pengine angekuja saa mbili usiku, au angefurahi kama ushirika ungemfuata katika nyumba za kupanga anakoishi.

Zaidi ya hayo kuna yaliyozama. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliuawa Naivasha kwa sababu ya kabila lao. Kanisani leo huenda wakaketi katika ubao mmoja mtu aliyefiwa na mtu aliyenyamaza jirani yake alipovamiwa. Mhubiri mgeni akisimama na kusema kwa wepesi kwamba tusameheane tusahau, anaweza kuwa anasema neno la kweli kwa namna inayochoma. Akiendesha nusu ya ibada kwa lugha ya mama yake, anaweza kuwafukuza watu bila kujua. Tena mwaka 2020 ziwa lilifurika likaingia katika makazi ya mtaa wa Kihoto, familia zikahama. Waliokimbia maji hayo wanapoimbiwa kwamba Mungu hutuliza mawimbi, wana swali ambalo mhubiri anapaswa kulijua kabla ya kupanda mimbarini.

Kwa hiyo ninaloshikilia ni hili: kusikiliza ni kazi ya uinjilisti yenyewe. Si maandalizi ya kufanywa ukipata nafasi. Anayeruka hatua hiyo anaumiza watu wa Mungu, kisha anawalaumu kwa kuumia.

Wapo watakaosema Injili ni moja, haibadiliki kwa kufuata mahali. Ni kweli. Lakini mtazameni Mtume Paulo. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, Matendo 13, anaanza na historia ya Israeli, kutoka Misri hadi Daudi, kwa sababu wasikilizaji wake wanaijua. Akifika Athene, Matendo 17, hamtaji Daudi hata kidogo. Ametembea mjini kwanza, ameangalia wanachoabudu, ameona madhabahu ya mungu asiyejulikana, na hapo ndipo anapoanzia. Kristo aliyefufuka ni yule yule. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia, na aliuona kwa sababu alitembea. Katika 1 Wakorintho 9 anaeleza mwenyewe kwamba alijifanya mtumwa wa wote ili apate watu wengi zaidi. Mtumwa husikiliza kwanza.

Na Petro je? Katika Luka 5 yeye ndiye mwenyeji wa ziwa, mvuvi mzoefu, naye amekesha bila kupata kitu. Anayemwelekeza kilindini alikulia katika nyumba ya seremala. Petro angeweza kusema kwamba uvuvi si useremala. Badala yake alishusha nyavu kwa neno la Yesu. Hapa wazee wa kanisa nao wana fundisho lao. Mgeni asome ziwa, lakini mwenyeji naye asidhani amelimaliza. Miaka thelathini mahali pamoja inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara thelathini. Vijana wanapoacha kuja, swali la kwanza lisiwe wamepotelea wapi. Liwe: walipokuwa hapa, nani aliwasikiliza?

Pengine kanisa lako ni dogo, halina kinanda, skrini wala vipaza sauti vya maana, nawe unaona huna chambo. Mnamo Juni 2, 1932, katika Ziwa Montgomery, jimbo la Georgia nchini Marekani, mkulima kijana aitwaye George Perry alimvua besi wa zaidi ya kilo 10. Yeye na mwenzake walikuwa na chambo bandia kimoja tu kwa wote wawili. Rekodi hiyo haikufikiwa na mtu hadi mwaka 2009, huko Ziwa Biwa, Japani. Kujua mahali pa kurusha kulizidi wingi wa vya kurusha. Kanisa lenye mtu mmoja anayejua nani amefiwa, nani hana kodi ya nyumba na nani ameacha kula mezani na mkewe, lina kitu ambacho vipaza sauti haviwezi kununua.

Hata hivyo, mfano huu una mpaka, nao ni lazima utajwe. Chambo bandia ni uongo. Besi hudhani amepata chakula, kumbe amepata ndoana. Yapo mahubiri ya namna hiyo pia: ahadi ya utajiri kwa atakayetoa sadaka kubwa, ushuhuda wa uponyaji uliopangwa, unga unaogawanywa kwa wenye njaa kwa sharti kwamba watahesabiwa kuwa waumini wapya. Huko si kuisoma hali ya watu ili kuwahudumia. Ni kuisoma ili kuwanasa. Mhubiri anaweza kuijua njaa ya mtaa mzima na kuitumia vibaya.

Katika Injili zote ndoana inatajwa mara moja tu, Mathayo 17:27, na siku hiyo Petro alitumwa kutafuta sarafu ya kulipia kodi. Yesu alipomwambia katika Luka 5:10 kwamba tangu sasa atavua watu, neno la Kigiriki lililotumika lina maana ya kukamata kitu kikiwa hai. Samaki hutolewa majini akafa. Mtu anayevuliwa na Kristo hutolewa katika kifo apate kuishi. Basi tuchukue kwa mvuvi wa besi macho yake na uvumilivu wake. Udanganyifu wake tumwachie samaki.

Napendekeza jambo jepesi. Kila mtumishi anayehamishwa apewe miezi mitatu ya kutobadilisha chochote. Katika miezi hiyo aongoze ibada kama alivyoikuta, atembelee nyumba, ale anachopewa, kama Bwana alivyowaagiza wanafunzi katika Luka 10:8, na aulize maswali matatu: watu hawa wanafanya kazi saa ngapi, wamezika nini, na wanacheka wakati gani? Halmashauri ya kanisa imlinde dhidi ya wanaotaka kuona matokeo ya haraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Lakini tabibu asiyeuliza ugonjwa ataponya nani? Nawe muumini, mchungaji mpya akifika, usingoje akosee ndipo useme. Mpitie jioni moja, umweleze penye miti iliyozama.

Jumapili njema.