Tanki Kwanza, Viti Baadaye

Likizo iliyopita, wakati wengi wenu mko nyumbani mnapumzika baada ya mitihani, mimi nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya boti ya mbao kwenye mwalo wa Nkome, mkoani Geita, mkono mmoja umezama mpaka begani kwenye tanki la dizeli. Nilichotoa humo ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtoto wa Segese, huko Msalala, Shinyanga, na hapa chuoni nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Kwetu hakuna ziwa. Kuna maduara ya dhahabu, makarasha na vumbi. Hata neno mwalo kwetu lina maana nyingine: ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, si mahali pa kuegesha mitumbwi. Sasa mtu wa Segese anatafuta nini kwenye boti?

Jibu ni mjomba wangu. Mjomba ni fundi wa injini za dizeli. Ana elimu ya darasa la saba, na zaidi ya hapo ana mikono. Karasha likizima saa nane usiku, ni yeye anayeamshwa. Pampu ya kuvuta maji ikigoma na duara linajaa, ni yeye anayeitwa, na hapo hakuna muda wa kufungua kitabu. Injini hizo ni ndugu wa injini zinazosukuma maboti ziwani. Dizeli haijui kama iko nchi kavu au majini. Ndiyo maana mzee mmoja wa Nkome, mwenye boti ya abiria na mizigo iliyokaa juu ya mawe miaka kadhaa, alimpigia simu aje amfufulie injini yake, Lister ya zamani ya silinda mbili. Mimi nilikwenda kama spana boi. Nilitaka hela ya kuanzia muhula kabla bumu halijaingia.

Tulipofika, tulikuta boti inang'aa. Mzee alikuwa ameshaanza na ndani. Sakafu ilikuwa na mbao mpya, kuta zimepakwa rangi ya bluu na nyeupe, na pande zote mbili kulikuwa na viti virefu vya sponji vilivyofunikwa kwa ngozi ya plastiki nyekundu. Seremala alikuwa amevipigilia misumari imara kabisa. Mjomba alizunguka, akagonga hapa na pale, kisha akauliza, "Mzee wangu, shikamoo tena. Tanki liko wapi?"

Tanki lilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Koki ya kufungia mafuta pia. Na majaketi okozi manne, yote yaliyokuwapo, yalikuwa yamewekwa chini ya kiti cha kulia ili yasichafuke. Kote huko kulikuwa kumefungwa kwa misumari.

Mjomba alitaka vibanduliwe kabla ya jambo lolote. Mzee akasema hapana. Alishamlipa seremala, abiria walishaanza kuulizia safari, na injini yenyewe tulipoijaribu iliwaka. Iliunguruma vizuri tu pale ufukweni, tena kwa nusu saa nzima. "Unaona?" mzee akasema. "Kijana wangu, hii mashine haina tatizo." Basi, tukaingia majini kuijaribu: mzee, mjukuu wake, mjomba na mimi.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama sahani. Ilipokaribia saa saba upepo ukaanza, mawimbi yakaamka, na boti ikaanza kuruka. Dakika chache baadaye injini ikakohoa, ikapunguza mwendo, ikakohoa tena, ikazima. Boti bila injini haina adabu: iligeuka yenyewe, ikaweka ubavu kwenye wimbi, na maji yakaanza kutuingilia. Mjukuu wa mzee alikuwa na miaka 12 hivi. Aliuliza majaketi yako wapi. Hakuna aliyemjibu, maana wote tulijua yako wapi.

Tulibandua kile kiti cha kulia kwa spana na kipande cha nondo. Ngozi mpya ilichanika, rangi ikachubuka, misumari ikamchana mjomba kiganja. Tulipoyafikia majaketi tulimvisha mtoto kwanza. Kisha tukahamia kiti cha nyuma kutafuta koki. Mjomba alifunga mafuta, akafungua filta, akamwaga uchafu, akaisafisha kwa dizeli kidogo iliyokuwa kwenye kopo, akairudisha, akatoa upepo kwenye mabomba, na kuniambia nizungushe hendeli. Iliwaka mara ya tatu. Tulirudi polepole, na njiani tulisimama mara mbili kurudia kazi ileile. Mzee hakusema neno mpaka tulipogusa mchanga.

Sasa niwaeleze kwa nini injini iliyowaka ufukweni ilizimia ziwani, kwa sababu hapa ndipo penye hoja yangu.

Boti ile ilikaa muda mrefu na tanki nusu. Nusu ya juu ilikuwa hewa, na hewa ina unyevu. Usiku chuma kinapopoa, unyevu unageuka matone, unashuka ndani ya tanki. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa. Pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza uteute mweusi, na chuma nacho kinaota kutu. Boti ikiwa imetulia, takataka zote hizo zimelala chini na injini inakunywa mafuta safi ya juu. Ukiipeleka kwenye mawimbi, tanki linakorogwa. Uchafu unapanda, unaingia kwenye bomba, unaziba filta, na injini inakosa mafuta. Kwa maneno mengine, mfumo mchafu wa mafuta haukuangushi siku ya shwari. Unasubiri siku ya dhoruba, siku unayoihitaji injini kuliko siku zote.

Kesho yake ndipo nikalala kifudifudi na kuzamisha mkono. Tulitoa uteute kama mlenda ulioungua, magamba ya kutu, na maji ya kujaza nusu ndoo. Mjomba alilisugua tanki, akabadilisha mabomba ya mpira yaliyokuwa yamevimba, akaweka filta mbili badala ya moja ili moja ikiziba uhamie nyingine bila kuzima injini, pamoja na chujio lenye bilauri ya kioo linalotenga maji na kuyaonyesha. Nozo alizipeleka mjini Geita zikapimwe kama zinapuliza ukungu au zinatema matone. Mwisho kabisa ndipo aliporudi kwenye viti. Hakuvitupa. Alimwomba seremala avitie bawaba, viwe vinafunuliwa kwa mkono mmoja.

Simwandikii vibaya mzee. Abiria hapandi boti kwa kukagua filta, anapanda kwa kuangalia kiti. Mama mwenye mtoto mgongoni ana haki ya kukaa mahali pakavu, asikalie mbao yenye maji ya samaki. Hela nayo ni chache, na hela ya kwanza huenda kwenye kinachoonekana ili kinachoonekana kilete hela ya pili. Naielewa hesabu hiyo. Nakataa mpangilio wake tu. Kiti kinaweza kusubiri tanki, lakini tanki halisubiri kiti. Na kiti kikishafunika tanki, kimegeuka kutoka starehe kuwa hatari.

Historia ya vyombo vyetu vikubwa inasema hivyohivyo. Chukueni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, walikuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane baada ya kuzamishwa! Rangi haikuisaidia, viti havikuisaidia. Ilisaidiwa na grisi iliyopakwa mahali ambapo abiria hafiki.

Au njooni hapa kwetu, Ziwa Victoria. MV Victoria ilitengenezwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014. Wangeweza kuipaka rangi na kuirudisha majini. Badala yake ilipofanyiwa ukarabati mkubwa jijini Mwanza ilifungwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi kwenye safari ya Mwanza na Bukoba. Aliyesafiri nayo atakusimulia vitanda na mgahawa, ni haki yake. Lakini kilichomfikisha Bukoba kiko chini ya miguu yake. Na sisi wa kanda hii hatuhitaji kukumbushwa gharama ya chombo kisicho salama. Tuna tarehe zetu mbili: 21 Mei 1996, MV Bukoba, na 20 Septemba 2018, MV Nyerere. Sababu za ajali hizo zilikuwa nyingine, lakini zote zinatufundisha kwamba abiria hulipa kwa maisha yake makosa ambayo hakuwa na namna ya kuyaona.

Sasa, wanachuo wenzangu, kwa nini nawaletea habari za boti kwenye gazeti letu?

Kwa sababu sisi wa ualimu tunakwenda kukabidhiwa boti nyingine. Tangu mwaka 2024 shule za kwanza za sekondari zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani kijana anasoma kidato huku anajifunza ufundi. Naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuta shule moja, sitaitaja, ambayo karakana yake ilikuwa imepakwa rangi mpya, na juu ya mlango kuna maandishi makubwa. Ndani kulikuwa na meza mpya na kabati la vifaa lililofungwa kufuli. Nilipouliza nani anafundisha humo, niliambiwa, "Bado tunasubiri." Nikakumbuka viti vyekundu vya Nkome.

Tanki la amali ni mtu anayejua kazi. Na watu hao wapo. Segese wamejaa, Kakola wamejaa, Katoro wamejaa: vijana na wazee wanaoisikiliza injini na kukwambia silinda ipi inaumwa. Wengi hawana cheti. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, fundi akapimwa na kupewa cheti chake. Lakini mjomba wangu alisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwangu, tukiwa tumekaa juu ya boti, yeye akiwa na zaidi ya miaka 20 kazini. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, miaka yote hiyo nilimwona kama mtu aliyekosa shule. Nilipofaulu kidato cha sita nilijihesabu kuwa nimemkwepa.

Siku ile ziwani nilikuwa na alama nzuri za Fizikia. Najua msongamano wa maji na wa dizeli, najua mvuke unavyogeuka kimiminika, najua kutu inatokana na nini. Hayo yote yalikuwa ndani ya lile tanki, na sikuyaona mpaka mtu wa darasa la saba aliponionyesha. Kama mimi nayajua kwa namna hiyo, nitamfundishaje mtoto wa mvuvi?

Kwa hiyo nina maombi mawili, na yote hayahitaji bajeti ya wizara. Moja: tutakapopangiwa shule za mazoezi, wiki ya kwanza kila mmoja amtafute fundi mmoja wa jirani, akae naye jioni moja, aandae naye somo moja. Filta ya dizeli iliyoziba inatosha kwa vipindi viwili vya Fizikia. Ukimkuta hana cheti, mpe habari za VETA. Mbili: uongozi wa umoja wetu wa wanafunzi, ambao kila mwaka unatuletea wageni wa kutuhamasisha, mwaka huu umwalike fundi mmoja aje na injini yake aifungue mbele yetu. Kiti cha mgeni rasmi kitamfaa, hata kama ovaroli yake ina mafuta.

Mjomba aliniambia juzi kwamba boti ya Nkome inafanya kazi, na kila asubuhi mzee anafungua ile bilauri ya kioo kumwaga maji kabla ya kuwasha. Pale tulipobandua kiti kwa nondo, rangi bado imechubuka. Mzee amekataa kupaka upya. Akiulizwa na abiria, anafunua kiti na kuwaonyesha kilichomo chini.