Maji Baridi Hayaingiwi kwa Pupa

Imekuwa desturi kwa vijana wa mijini kupanda Mlima Kenya wakati wa likizo. Wafikapo Ziwa Ellis au Ziwa Michaelson, upande wa Chogoria, baadhi yao huchocheana kujitosa majini. Wengi hudhani kwamba baridi huua polepole, hivyo mtu akitoka upesi hana la kuhofia. Hayo ni makosa makubwa.

Yafaa ieleweke kwamba hatari kubwa iko katika dakika ya kwanza. Ngozi ikipoa ghafla, hasa katika maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15, mtu huvuta pumzi kwa nguvu pasipo kutaka. Ikiwa wakati huo kichwa kimezama, maji huingia mapafuni. Kisha hutweta, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Mshtuko huu hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Baadaye mikono na miguu huishiwa nguvu. Kwa mtu mzima, joto la ndani ya mwili aghalabu huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha.

Ustadi pekee haumkingi mtu. Aliyezoea kuogelea Mombasa, ambako maji ya bahari huwa kati ya nyuzijoto 25 na 29 hivi, ni mgeni kabisa katika ziwa la mlimani.

Je, mwili waweza kuzoea? Naam. Uchunguzi uliofanywa Uingereza umeonyesha kwamba kuingia maji baridi mara tano au sita, kwa dakika chache kila mara, hupunguza mshtuko huo kwa karibu nusu, na faida hiyo hudumu kwa miezi. Mnamo 1987, Mmarekani Lynne Cox aliogelea kwa saa mbili hivi katika maji ya barafu kati ya Alaska na Muungano wa Kisovieti, bila vazi la kukinga baridi. Alikuwa amejizoeza kwa miaka mingi. Hata hivyo, mazoea hutuliza pumzi tu. Hayazuii mwili kupoteza joto.

Anayetaka kujizoeza aanze katika kidimbwi cha kuogelea chenye mwokoaji. Vidimbwi vya Nairobi visivyopashwa moto huwa baridi ya kutosha mwezi wa Julai. Ingia polepole, miguu kwanza, kisha ulowanishe shingo na uso. Usianze kuogelea kabla pumzi haijatulia. Siku ya kwanza dakika mbili zatosha. Ongeza kidogo kidogo, na utoke kabla hujaanza kutetemeka. Ukitoka, jikaushe mara moja, uvae nguo kavu na unywe kitu chenye joto, kwani mwili huendelea kupoa hata nje ya maji. Pombe ni marufuku, kwa sababu hupanua mishipa ya ngozini na kupoteza joto zaidi. Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au pumu, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kwanza.

Ukianguka majini kwa bahati mbaya, usipigane nayo. Lala chali, uelee mpaka upumue vizuri, ndipo utafute ufuo.

Kwa maoni yangu, waelekezi wa wapanda mlima wanapaswa kukataza kabisa kuruka katika maziwa hayo. Ziwa Michaelson liko takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari; hewa ni haba na hospitali iko mbali. Nao walimu wa kuogelea wafundishe watoto kuelea kabla ya kuwafundisha kushindana. Anayetaka kuvuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa hutakiwa kwanza athibitishe kwamba ameogelea saa sita katika maji baridi. Ikiwa mabingwa huwekewa masharti hayo, vijana wetu wasiachwe wajitose hivi hivi.