Tucheze Upatu wa Vitabu

Ndugu zangu, upatu tunaujua. Watu kumi wanakubaliana, kila mmoja anatoa chake, kijumbe anaandika kwenye daftari, na zamu ikifika mtu anapokea fungu ambalo peke yake asingelipata kwa mkupuo. Kwa njia hiyo tumenunua vyerehani, tumelipa ada, tumeezeka nyumba. Nawaomba sasa tucheze upatu wa vitabu.

Wengi wetu tuna kitabu kimoja au viwili kabatini, vilivyobaki tangu shuleni. Tulivisoma, tukavifunika, na kwa kuwa vipya ni ghali, usomaji wetu ukaishia hapo. Kumbe jirani naye ana chake. Wewe una Kusadikika cha Shaaban Robert; yeye ana Rosa Mistika cha Kezilahabi. Nyumba ya tatu yumo Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Ya nne ina Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Ya tano ina Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, leo tunakisoma kwa Kiswahili. Watu kumi wakitoa kimoja kimoja, kila mmoja atasoma kumi.

Magazeti na majarida nayo yaingie. Makala ya zamani kuhusu ufugaji wa kuku au afya ya mtoto bado ina wa kumfaa, kabla haijaishia kufungia maandazi.

Jumamosi hii, piga hodi kwa majirani tisa. Chagueni kijumbe mwaminifu. Andikeni jina la mwenye kitabu ndani ya jalada. Zamu iwe wiki mbili, na siku ya kubadilishana kila mtu aeleze alichokisoma. Asiyejua kusoma asomewe. Aliyetoa riwaya mzunguko huu, ujao atoe mashairi au jarida, ili tusizoee ladha moja. Watoto nao wawe na upatu wao.

Fedha ya upatu ikipokelewa hutumika ikaisha. Kitabu kikimaliza mzunguko humrudia mwenyewe, kikiwa kimeshasomwa na watu kumi, naye ana watu tisa wa kuzungumza nao habari zake. Fungua kabati, ndugu yangu. Toa kimoja.